Daraja la Awamu Ijayo

Kaka yangu hakuwahi kuiba hata kalamu ya ofisi, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mwizi ningejua pa kumshika. Ningesimama njiani nikapiga kelele, watu wakanisaidia, yakaisha. Lakini mtu mwaminifu, aliyekumaliza kwa utaratibu na kwa maneno mazuri, utamfanya nini?

Watu walimwita Ramani. Hata sisi nyumbani tulimwita hivyo, isipokuwa mama yetu, ambaye alimwita "msomi wangu" kwa sauti ambayo wengine hatukuwahi kuisikia ikituita. Jina hilo alilipata kwa ile karatasi ndefu aliyotembea nayo kwapani, imeviringishwa, ina rangi za kila namna. Akija kututembelea ataikunjua mezani, atazuia pembe zake kwa vikombe vyetu vya chai, na chai yako ndiyo imeshakwenda hiyo. "Hapa ndipo tulipo," atasema, kidole kwenye karatasi. "Na hapa ndipo tutakapokuwa." Mume wangu hakuacha kumchokoza. "Shemeji, na mimi nipo hapo? Nitafute vizuri, nimevaa shati la bluu." Ramani alicheka kidogo kwa adabu, kisha akaendelea palepale alipokatizwa.

Alikuwa mratibu wa mipango ya maendeleo wa kanda. Nitawaeleza kazi hiyo kama alivyonieleza yeye, maana nilielezwa mpaka nikakariri. Kila wilaya hukaa ikaandika inachotaka: hawa barabara, wale soko, wengine kiwanda. Kanda yetu ina wilaya tatu na kila moja inajiona kifungua mimba. Ramani ndiye aliyezikusanya karatasi za zote tatu akazifanya mpango mmoja, akaupeleka makao makuu, ambako mipango ya kanda zote ilikutanishwa ili utoke mpango mmoja wa nchi nzima. Neno lake lilikuwa kuoanisha. Alilitamka taratibu kama mtu anayeonja asali. Na sheria kubwa aliyopewa kutoka juu ilikuwa hii: ndani ya kanda moja, wilaya mbili zisiombe kitu kilekile.

Aliipenda kazi yake, sitamsingizia. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, dirisha moja lisilofunguka kwa sababu kabati la mafaili lilikuwa limesimamishwa mbele yake, na feni iliyopiga kelele nyingi bila upepo wowote. Rasimu zilirundikana mezani hadi mgeni akiketi anaonekana paji la uso tu. Nikipita mjini kwa shughuli zangu nilimkuta kwenye simu akiwabembeleza maofisa mipango wa wilaya, sauti ileile ya mama anayewaita watoto kuoga. Mmoja alijificha, mmoja aligoma, na wa tatu alileta karatasi za mwaka juzi akabadilisha tarehe. Kaka alikaa nao mmoja mmoja mpaka kila wilaya ikakubali kuacha kitu fulani kwa ajili ya mwenzake. Alikuwa na subira ambayo mimi sijajaliwa.

Mimi ni mfugaji. Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa upande wetu wa mto. Tulikuwa na ng'ombe wa kienyeji, kila mtu wachache wake, maziwa kidogo kidogo, na wachuuzi wa baiskeli walikuja kuyachukua na kwenda kuyauza mjini. Hatukuwa matajiri, lakini hakuna aliyemwaga kitu.

Mwaka wa kuandika mpango wa miaka mitano, wilaya yetu iliomba kiwanda cha maziwa. Na wilaya ya ng'ambo ya mto, nayo, ikaomba kiwanda cha maziwa. Ebo! Wenzetu hao walikuwa na umeme wa uhakika na barabara ya lami. Sisi tulikuwa na majani na ng'ombe. Kwa sheria ya Ramani, mmoja lazima aache.

Akaja kwetu kwenye mkutano wa chama, katika darasa la shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Akaibandika ramani ubaoni. "Kiwanda kijengwe ng'ambo," alisema, "na nyinyi mpate daraja. Vyote viwili ndani ya mpango mmoja. Maziwa yenu yatavuka, yao yatafika, kiwanda kimoja kitashiba."

Aliyenyanyua mkono alikuwa jirani yangu, fundi cherehani, mjane aliyelea watoto kwa kushona sare za shule. "Kwa nini kiwanda kisikae huku kwenye ng'ombe, wakavuka wao?"

Kaka alitabasamu. "Mama, mimi ni mtoto wa huku. Nikileta kiwanda huku, watasema Ramani amependelea kwao."

Watu walipiga makofi! Mtu wa haki huyo, walisema, angekuwa mwingine angejaza kwao kwanza. Tukamvika kilemba cha ukoka hukohuko darasani, na yeye akainamisha kichwa ili kimkae vizuri. Mimi nikasimama nikakazia. Nilisema huyu ni damu yangu, tumenyonya ziwa moja, akisema daraja litakuja, litakuja. Wanachama walikubali kwa sababu ya neno langu kuliko la kwake, maana yeye walimwona mara moja moja na mimi waliniona kila siku.

Kabla ya kuondoka alitushauri tujiandae. Kiwanda kinataka maziwa mengi, alisema, na ng'ombe wa kienyeji hawatakiweza. Tuanze kununua wa kisasa. Tukaanza. Mmoja aliuza shamba la pembeni, mwingine akauza ng'ombe wanne akapata mmoja. Fundi cherehani aliuza cherehani. Nilimsindikiza mwenyewe kwenda kumchagua ng'ombe wake, mweusi mwenye baka jeupe begani, na njia nzima alikuwa akicheka peke yake kama msichana aliyeposwa.

Kilichotokea makao makuu nilikijua baadaye, jikoni kwangu, kaka akiwa amekaa kwenye kigoda na koti lake la mikutano. Alikuja bila kutangulia kupiga simu, nikajua kuna jambo.

"Daraja limesogezwa awamu ijayo," alisema.

"Limesogezwa? Limekuwa kiti?"

"Halikufutwa, dada. Limesogezwa."

Kumbe makao makuu wakishapokea mipango ya kanda huifumua na kuipanga upya kwa sekta. Mifugo huenda meza ya mifugo, ujenzi meza ya ujenzi. Kiwanda kiliangukia meza ya mifugo: kiwanda kimoja, wilaya mbili zitahudumiwa, safi sana, kipitishwe. Daraja liliangukia meza ya ujenzi: daraja la nini, huko hakuna lami wala mji, lisubiri. Kila meza iliona nusu yake ikaridhika nayo. Hakuna aliyeinuka kuuliza meza ya pili.

"Wewe hukujua kwamba wanapanga kwa sekta?" nilimuuliza.

"Nilijua. Ndiyo maana nilieleza kwamba viwili hivi vinakwenda pamoja. Nilieleza vizuri sana."

"Ulieleza wapi?"

"Kwenye utangulizi."

"Na nani anasoma utangulizi, kaka?"

Mtu aliyekula chumvi ya mipango maisha yake yote, aliyejua kwamba hata yeye mwenyewe akipokea karatasi za wilaya hurukia kwenye majedwali, alichukua riziki yetu akaiweka mahali ambapo hakuna anayesoma. Mpaka leo nikikumbuka natamani kumrushia kitu.

"Ulipoona hivyo ulifanya nini?"

"Nilisaini."

"Ulisaini!"

"Ningekataa, mpango wa kanda nzima ungerudishwa. Zahanati za wilaya ya tatu, visima, shule, vyote. Ningewaambia nini? Kwamba nimezuia visima vyao kwa ajili ya daraja la kwa dada yangu?"

Hoja hiyo ilinichoma kuliko daraja lenyewe. Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, akasema, "Msomi wangu anajua anachofanya." Nikatoka nikaenda kukamua kabla ya saa ya kukamua.

Kiwanda kilijengwa kweli. Mwanzoni, wakati wa kiangazi, tulivusha maziwa kwa vichwa, madumu juu na maji magotini, tukajipa moyo. Mume wangu alisema labda ndilo daraja lenyewe, ila ni la aina ya miguu miwili. Kisha mvua zikaanza. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye uchungu. Mvua ikinyesha, majani yanaota. Majani yakiota, maziwa yanajaa ndoo. Na mvua ikinyesha, mto haupitiki. Siku tulizokuwa na maziwa mengi kabisa ndizo siku ambazo hapakuwa na pa kuyapeleka. Wale wachuuzi wa baiskeli? Walihamia ng'ambo zamani, kwenye lami na kwenye kiwanda. Nani aje kuteleza kwenye tope letu?

Msiniulize habari za mtindi. Tulikunywa mtindi mpaka watoto wakaukimbia. Tuliwapa mbwa, wakanenepa. Baadaye tukawa tunamwaga tu.

Ng'ombe wa kisasa naye si wa mchezo. Anataka pumba, anataka dawa, anataka daktari, na hajui kwamba maziwa yake hayana mnunuzi, yeye anatoa. Fundi cherehani alivumilia misimu miwili. Wa tatu ulipoanza alimuuza ng'ombe wake kwa mchinjaji. Siku walipokuja kumchukua nilitoka nje ili niseme neno, lakini akaingia ndani akafunga mlango. Sasa anashona ng'ambo kwenye cherehani ya mtu mwingine, anavuka wakati wa kiangazi na wakati wa mvua anakaa bila kazi. Tukikutana kisimani anawasalimia walio kulia kwangu na kushoto kwangu.

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Langu lilinijua tangu utotoni, likanila na wanachama wangu pamoja.

Miaka mitano ikapita, ukafika wakati wa mpango mpya. Chama kilikuwa kimebaki na watu wa kuhesabika, lakini tulikuwa tumepiga moyo konde. Hatukuomba kiwanda. Hata daraja hatukuliweka mbele. Tuliomba tangi moja la kupozea maziwa, na jenereta yake, ili maziwa ya mvua yalale siku mbili tatu mpaka mto upungue. Nikawaambia wanachama, tukilikosa hili tufunge chama, kila mtu ashike njia yake. Wakakubali. Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu nilipokwenda kumwona kaka ofisini.

Alikuwa amezeeka. Feni ilikuwa ileile.

"Mna tatizo moja," aliniambia, akasogeza karatasi nizione. "Kwenye mpango uliopita upande wenu umeandikwa kwamba umehudumiwa na kiwanda. Aliyehudumiwa hawezi kuomba tena huduma hiyohiyo."

"Lakini wewe unajua hatujahudumiwa."

"Najua."

"Basi andika hivyo. Sentensi moja. Kiwanda hakiwafikii kwa sababu daraja halikujengwa. Na safari hii usiiweke kwenye utangulizi."

Alijaribu kucheka. Akavua miwani akaifuta na tai. "Dada, kanda yetu imetajwa kuwa kanda ya mfano kwa kuoanisha. Wageni wanaletwa kujifunza. Nikiandika sentensi hiyo, makao makuu watauliza nani alisaini kwamba wamehudumiwa."

"Nani alisaini?"

"Mimi." Akavaa miwani. "Nimebakiza muda mfupi nistaafu."

Nilimwomba. Sijawahi kumwomba mtu kama nilivyomwomba kaka yangu siku ile, mimi ninayejulikana kwa ukali. Nilimkumbusha kwamba nilitoa neno langu kwa ajili yake. Nilimkumbusha fundi cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitaangalia," na mimi, mjinga, nikatoka pale moyo ukiwa mwepesi.

Mkutano wa kupitisha mpango ulifanyika kwenye ukumbi wa kanda, viti vya plastiki, chupa za maji mezani kwa wakubwa, na ramani imetupwa ukutani kwa mwanga kwenye kitambaa cheupe. Wilaya zilizohudumiwa zilipakwa kijani. Upande wetu wa mto ulikuwa kijani kibichi kinachopendeza, hata wanachama wangu wawili niliokuja nao walikitazama wakasema hakika tunang'aa.

Kaka alisoma maombi yetu, kisha akasoma jibu. Tangi la kupozea: halikupitishwa, eneo limehudumiwa na kiwanda.

Nilisimama. "Na daraja la kwenda kwenye hicho kiwanda?"

Alifungua ukurasa mwingine. "Daraja lilipimwa upya. Idadi ya wanaovuka mto wakati wa mvua haitoshi kuhalalisha ujenzi."

"Haitoshi kwa sababu mto unaua! Nani avuke, samaki?"

Ukumbi ukacheka. Kaka hakucheka. Aliniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na kwa nukta moja nilidhani ataisema ile sentensi. Niliiona imefika midomoni. Kisha akamtazama mkubwa wa makao makuu aliyekaa pembeni yake, akafunga kabrasha.

"Mheshimiwa mwenyekiti," aliniita, mimi, dada yake, "kila mtu humu anajua kwamba mimi ni mtoto wa upande huo. Sitaki ionekane napindisha utaratibu kwa ajili ya ndugu zangu."

Wakampigia makofi. Tena! Mkubwa wa makao makuu alimpigapiga begani. Nilikaa chini, na mwanachama mmoja akanipa maji, nikayaweka sakafuni. Wiki hiyohiyo tulifunga chama. Nilirudisha funguo za darasa tulilofanyia mikutano kwa mwalimu mkuu, na watu walinipa mkono mmoja mmoja, kwa upole, kama anavyopewa mkono mfiwa. Ningependelea wanitukane.

Kaka alistaafu. Walimfanyia sherehe, wakamsifu, wakamleta na gari la ofisi mpaka kwa mama, kwenye kiwanja ambacho kaka alikirithi kwa baba, hatua chache kutoka kwangu. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilimpikia kama ada ya ndugu ilivyo, nikamwekea chakula mezani, nikaenda kukaa na ng'ombe.

Hakukaa bure. Alijenga banda zuri kuliko la mtu yeyote upande wetu, sakafu ya saruji, na mlangoni akabandika mpango: robo ya kwanza hiki, robo ya pili kile. Akanunua ng'ombe wawili wa kisasa. Nilimwona akiwashusha kwenye lori na sikusema kitu. Mume wangu alisema, "Mwambie." Nikamjibu kwamba mtu aliyeandika habari za maziwa yetu kwa miaka yote ile anazijua kuliko mimi. Na alizijua kweli, lakini alizijua kama unavyojua kwamba nchi fulani ya mbali ina baridi.

Mvua zilikuja mapema mwaka ule. Asubuhi moja nilikuwa nafagia maji uani, nikamwona anakuja kwenye matope, buti zake za mpira bado zina karatasi ya dukani, ndoo moja mkono huu na ndoo nyingine mkono huu, zote zimejaa hadi ukingoni, povu juu. Alikuwa anatembea polepole asimwage hata tone. Alizitua mbele yangu, akajifuta jasho, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tukiwa watoto.

"Dada," alisema, "nyinyi maziwa ya mvua huwa mnayapeleka wapi?"

Nilikuwa na maneno. Jamani, nilikuwa na maneno niliyoyatunza miaka mingi, nikiyanoa usiku na mchana kwa ajili ya siku kama hiyo. Nikayatafuta, yote yakawa hayana ladha.

"Tunamwaga," nilimwambia.

Alicheka, akidhani ni utani wetu.

"Nasema kweli, kaka. Nyuma ya choo kuna shimo, ndilo tunalotumia wote. Usimwage karibu na nyumba, utaleta nzi."

Kicheko kilimwisha kidogo kidogo. Aliangalia kule mtoni, ambako maji yalikuwa yanasikika, kisha akaziangalia ndoo. Akazibeba akaenda nyuma. Nilisikia ya kwanza ikimwagwa, na ya pili ikachelewa sana. Niliendelea kufagia. Alirudi na ndoo tupu, maziwa yamemrukia kwenye buti, na hakuweza kunitazama.

"Na kesho?" aliuliza.

"Kesho utakamua tena. Usipomkamua kiwele kitavimba, atakufa."

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akainama akachukua ndoo zake, akarudi kwake.